Gari Likishagonga: Mwongozo Kamili Kuanzia Sekunde ya Kwanza Hadi Fidia

Mtu anaweza kutoka mzima kwenye gari lililobiringika, kisha akagongwa na lori akiwa amesimama katikati ya lami anatafuta simu yake. Mwingine hufikishwa hospitali na uti wa mgongo ulioharibika, kumbe haukuharibikia kwenye ajali. Uliharibika pale alipovutwa mikono na watu wema waliotaka kumwahisha. Na yupo anayepona kabisa lakini asilipwe hata shilingi, kwa sababu magari yalisogezwa kabla picha moja haijapigwa.

Hasara kubwa huja baada ya kishindo, na huletwa na haraka isiyo na mpangilio. Mpangilio ni huu: salimisha eneo, shughulikia majeruhi, hifadhi ushahidi, ndipo uende kwenye polisi na bima. Maelezo haya yanafuata utaratibu wa Tanzania. Kenya inapotofautiana, tumeitaja.

Ukiwa bado ndani ya gari

Zima injini. Kama gari ni la otomatiki weka kwenye P, vuta hendibreki, washa hazadi. Usiupige mlango teke na kutoka mbio. Sogeza kwanza vidole vya mikono na vya miguu, kisha ujikague shingo bila kuigeuza. Ukihisi maumivu ya shingo au mgongo, au ganzi kwenye mikono na miguu, na hakuna moto wala hatari ya kugongwa tena, bakia ulipo na kichwa chako kitulie mpaka msaada ufike.

Vumbi jeupe ndani ya gari baada ya mifuko ya hewa kufyatuka huwatisha watu wakadhani ni moto. Ni unga tu wa mfuko, unawasha macho na koo, fungua dirisha. Mvuke mweupe unaotoka mbele ya gari mara nyingi ni maji ya rejeta iliyopasuka. Moshi mweusi, harufu ya plastiki inayoungua au harufu kali ya petroli ndivyo vinavyokutaka utoke mara moja.

Gari likiwa limelala kifudifudi, magurudumu juu, usifungue mkanda kabla hujajikinga. Uzito wako wote unaning'inia kwenye mkanda huo, na ukiufungua tu utaangukia kichwa. Sukuma paa kwa mkono mmoja, kaza miguu kwenye sakafu ya gari iliyo juu yako, ndipo ufungue taratibu. Mtoto aliyefungwa kwenye kiti chake na anayelia kwa nguvu mwache humo humo mpaka uhakikishe nje ni salama.

Kabla ya kufungua mlango tazama kioo cha pembeni. Tokea upande ambao magari hayapiti, na abiria wote wapeleke nje ya lami, ng'ambo ya mtaro kama upo. Wasisimame mbele wala nyuma ya gari lililogongwa.

Zuia ajali ya pili

Hili linatangulia hata kumgusa majeruhi, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona, akashtuka, akakanyaga breki, atahitaji zaidi ya mita 50 kusimama kwenye lami kavu. Akiwa kwenye 100 ni zaidi ya mita 70. Fuso lililojaa mzigo, au lami yenye mvua, huhitaji umbali mrefu zaidi.

Kwa hiyo pembetatu ya tahadhari iliyowekwa hatua kumi nyuma ya gari haisaidii kitu. Mjini iweke angalau mita 50. Barabara kuu iweke mita 100, yaani hatua ndefu kama 120. Barabara ya njia mbili inataka alama pande zote mbili. Kama ajali imetokea baada ya kona au baada ya mgongo wa kilima, alama iwekwe kabla ya kona au kabla ya kupanda, hata kama umbali utazidi mita 100, kwa sababu anayekuja lazima aione wakati bado ana nafasi ya kusimama. Ukienda kuiweka tembea pembeni kabisa ya barabara ukiwatazama wanaokuja, umeishika mbele ya kifua ili taa za magari ziiangaze.

Huna pembetatu? Matawi mabichi yanaeleweka na kila dereva wa barabara kuu. Yapange kwa vipindi, la kwanza mbali, mengine yakikaribia. Usiku mtume mtu mwenye tochi, au simu yenye mwanga, asimame pembeni ya lami na kuupungia mwanga chini, usiwalenge madereva machoni. Kisha, na hili tunalisisitiza kwa uchungu, mkimaliza ondoeni matawi na mawe yote. Jiwe lililokuwa kigingi cha gurudumu la lori mchana, likiachwa kwenye lami, usiku humwangusha mwendesha pikipiki.

Sasa piga simu. Tanzania polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kenya ni 999 au 112. Usianze kwa kusimulia. Sema mahali kwanza: jina la barabara, kijiji au mtaa, nguzo ya kilomita iliyo karibu, na upande wa kuelekea wapi. Halafu idadi ya majeruhi, kama kuna aliyebanwa ndani, kama kuna moto au lori la mafuta. Usikate simu kabla ya anayepokea hajamaliza maswali yake.

Moto, mafuta, nyaya

Ukiona moshi unatoka chini ya boneti usiifungue wazi. Hewa ikiingia ghafla moto unalipuka usoni kwako. Fyatua boneti kidogo tu, penyeza mdomo wa mtungi kwenye upenyo, pulizia. Mtungi mdogo wa unga wa kilo moja huisha ndani ya takriban sekunde kumi, kwa hiyo usiumalizie kwenye ndimi za moto. Lenga chini, kwenye shina. Ukiisha na moto bado upo, ondokeni mita 30 au zaidi.

Kama hakuna moto na betri inafikika, fungua waya wa hasi kwanza. Hii inapunguza cheche, na inapunguza uwezekano wa mfuko wa hewa ambao haukufyatuka kumfyatukia mwokoaji usoni. Kwa magari ya haibridi kama Prius na Aqua, nyaya nene za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa. Usiziguse wala usizikate.

Lori la mafuta likipinduka, kazi yako ni moja: kuwaondoa watu. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kulikimbilia na madumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa kwenye mitaro, na huwashwa na cheche ndogo mno: injini ya bodaboda, sigara, betri inayochomolewa. Aliyesimama mbali na mafuta yenyewe anaweza kuwa amesimama ndani ya mvuke wake. Sogeeni upande upepo unakotoka.

Gari likigonga nguzo na waya ukaanguka juu yake, walio ndani wabaki ndani na walio nje wakae mbali, mita kumi au zaidi, hadi TANESCO wakate umeme. Ikibidi kutoka kwa sababu ya moto, mtu aruke miguu ikiwa pamoja, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuza nyayo bila kuzinyanyua.

Majeruhi

Anayepiga kelele anapumua. Mwendee kwanza aliye kimya.

Mwite kwa sauti, mguse bega. Asipoitika, tazama kifua chake na usikilize pumzi kwa sekunde zisizozidi kumi. Mara nyingi aliyezirai akiwa amekaa kitini huzibwa na ulimi wake mwenyewe kwa sababu kichwa kimeangukia kifuani. Ingia nyuma ya kiti, shika kichwa kwa viganja viwili, kila kiganja sikioni, kinyanyue polepole mpaka kitazame mbele, na ukishikilie hapo. Tendo hilo dogo linaweza kumwokoa kuliko kumtoa nje mbio. Kama kuna damu, matapishi au meno mdomoni, yafute kwa kidole kilichofungwa kitambaa, lakini toa kile unachokiona tu, usichimbe.

Asiyepumua kabisa ndiye wa kumtoa hata kama shingo ina mashaka. Mlaze chali sehemu ngumu, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa kupuliza, mpulizie mara 2 kila baada ya mibonyezo 30. Hujafundishwa, bonyeza tu bila kukoma, mkipokezana kila dakika mbili.

Damu inayomwagika inaua haraka kuliko mfupa uliovunjika. Vaa glovu, au mikono uivike mfuko wowote wa nailoni ulio safi. Weka kitambaa juu ya jeraha, kandamiza kwa uzito wa mwili wako, dakika kumi mfululizo. Kosa la kawaida ni kufunua kila baada ya nusu dakika ili kuona kama imekoma. Kila ukifunua unang'oa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu, cha chini usikitoe.

Kama damu inaruka kutoka mkononi au mguuni na mkandamizo haufui dafu, funga kwa kukaza. Chana khanga upate utepe wenye upana wa vidole vitatu, uzungushe sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha kuelekea mwilini, isiwe juu ya kiungo. Funga fundo, weka kijiti au mpini wa spana, funga tena, kisha zungusha mpaka damu ikome, na ufunge kijiti kisirudi. Itauma sana, hiyo ni kawaida. Usitumie waya, kamba ya viatu wala kamba nyembamba ya katani, maana hukata nyama na mishipa bila kuziba damu. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso la majeruhi au kwenye kipande cha karatasi. Usilegeze njiani, wa kulegeza ni daktari.

Chuma au kioo kilichomwingia mtu usikichomoe. Kizungushie vitambaa pande zote kisitikisike. Kidole kilichokatika kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko, mfuko huo uweke juu ya barafu bila kidole kugusa barafu yenyewe, na kiende gari moja na mwenyewe. Jivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, unga wa kahawa na udongo havitiwi kwenye jeraha lolote.

Usimnyweshe maji. Ni huruma ya kwanza inayotujia, na ni hatari: aliyepoteza fahamu nusu atayavuta mapafuni, na anayehitaji upasuaji atacheleweshwa. Mloweshe midomo tu. Mfunike na khanga au koti hata kama kuna jua, kwa sababu aliyepoteza damu hupoa, na mwili uliopoa hugandisha damu vibaya. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto, na apelekwe hospitali hata kama anasema hajaumia.

Mwendesha pikipiki asivuliwe helmeti kama anapumua vizuri. Mfungulie kioo cha mbele tu. Ikibidi kuivua, wawe watu wawili, mmoja ameshika shingo na taya kwa chini, mwingine anaivuta kwa kuipanua pande.

Ukiguswa na damu ya mtu kwenye jeraha lako au jichoni, jioshe kwa maji mengi na ufike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU baada ya tukio hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na zikianza mapema ni bora zaidi.

Kumbeba na kumsafirisha

Asiye katika hatari ya moto au kugongwa asubiri gari la wagonjwa kama linakuja. Lakini barabara zetu nyingi tunazijua, mara nyingi atabebwa na gari la mpita njia. Basi abebwe kama gogo. Watu watano: mmoja kichwani, na yeye ndiye anayetoa amri, watatu upande mmoja wa mwili, mmoja miguuni. Wapenyeze ubao, mlango au godoro gumu chini yake, wanyanyue kwa hesabu moja, mwili wote kwa pamoja. Kiuno kisibonyee, kichwa kisizunguke. Mbaya kuliko yote ni kumkunja kwenye kiti cha bajaji, au kumpakata kwenye bodaboda kati ya watu wawili.

Gari la wazi lenye sakafu ndefu ni bora kuliko teksi ndogo. Mpeleke kituo kilicho karibu chenye uwezo wa kumtengamaza, kisha rufaa iendelee. Kumbeba mtu anayevuja damu moja kwa moja mpaka MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, huku mkizipita hospitali za wilaya njiani ni kumpunguzia nafasi.

PF3, fomu ya polisi ya matibabu, inahitajika, lakini si tiketi ya kuingilia. Majeruhi wa dharura hutibiwa kwanza na fomu ikafuata. Ndugu mmoja aende kituo cha polisi kuichukua, wengine wabaki na mgonjwa. Haiuzwi. Kenya fomu inayolingana nayo ni P3.

Na aliyetembea kwa miguu yake kutoka kwenye ajali naye akaguliwe. Alama ya mkanda iliyovimba tumboni, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, kizunguzungu akisimama: ndani kunavuja. Aliyegonga kichwa aangaliwe saa 24 hadi 48. Akitapika mara kwa mara, akisinzia bila kuamka vizuri, akiongea asivyoeleweka, au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, arudishwe hospitali hata kama ni saa nane za usiku.

Watu wakianza kukusanyika

Umati una wasaidizi na una vibaka. Wape watu kazi kwa kuwanyooshea kidole: "Wewe mwenye shati la bluu, simama pale uzuie magari. Wewe mama, kaa na huyu mtoto." Anayetajwa hufanya, tangazo la jumla haliitikiwi na mtu. Simu, pochi na mizigo ya majeruhi ikusanywe na watu wawili mbele ya wengine, iandikwe orodha, ikabidhiwe polisi au ndugu. Mweke mtu wa kulinda gari, kwa sababu vioo vya pembeni, taa na betri huondoka kabla ya trafiki kufika.

Sheria inamtaka dereva asimame, asaidie, na atoe taarifa. Anayekimbia hujiongezea kosa. Hata hivyo ipo hali ambayo mtu kagongwa, watu wamepandwa na hasira, mawe yameanza kuokotwa. Hapo nenda moja kwa moja kwenye kituo cha polisi kilicho karibu. Usipitie nyumbani wala gereji wala kwa rafiki. Saa unayojisalimisha inaandikwa, na tofauti kati ya dakika kumi na saa tatu inaonekana wazi mahakamani. Kenya sheria imeweka mwisho: taarifa itolewe mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24.

Ukigonga mnyamapori ndani ya Hifadhi ya Mikumi, barabara ya Morogoro kwenda Iringa, usishuke kumkagua. Toa taarifa kwa askari wa hifadhi, na nyama usiiguse.

Ushahidi, kabla gari halijasogezwa

Piga picha kwa mpangilio. Anza mbali, hatua 30 kutoka kila upande, ili barabara nzima ionekane pamoja na magari, mistari ya katikati, vibao na taa. Sogea, piga kila gari kutoka pembe nne. Kisha karibu: sehemu zilizogongana, namba za usajili, tairi, alama za breki kwenye lami kutoka zilipoanzia mpaka zilipoishia. Weka kiatu au chupa ya maji kando ya alama ili ukubwa ueleweke.

Kitu kimoja wengi hukikanyaga bila kujua ni vipande vya taa, udongo mkavu unaodondoka kutoka chini ya magari, na mafuta yaliyomwagika. Magari husukumana baada ya kugongana, yakaishia mbali; udongo na vioo huanguka karibu na pale hasa yalipogongana. Kama mwenzako anasema wewe ndiwe uliyeingia upande wake, na lundo la vioo lipo upande wako wa mstari, picha hiyo ina thamani kuliko mashahidi watano. Wakati mwingine mtu hufagia barabara kwa nia njema, na kesi ikafagiliwa nayo.

Chukua pia picha ya leseni ya dereva mwenzako, kadi ya gari na bima yake. Bima za Tanzania huhakikiwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Fanya hivyo hapo hapo, maana bima feki zipo. Omba namba za simu za mashahidi wawili au watatu ambao si abiria wako. Rekodi sauti yako ukieleza kilichotokea: saa, mwendo, hali ya hewa, ulichokiona kwanza. Kesho kumbukumbu itakuwa imechanganyika na maneno ya watu. Tuma vyote kwa ndugu, na picha zitume kama faili, kwa sababu WhatsApp hupunguza ubora wa picha za kawaida.

Sema pole. Mwanadamu ameumia, na pole si kukiri kosa. Lakini "nisamehe, nilikuwa nasoma meseji" au "nitalipa kila kitu" ni maneno mengine. Mikataba ya bima humkataza dereva kukiri au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na ukivunja sharti hilo unaipa sababu ya kukukatalia.

Kumalizana kienyeji kunafaa kwa bampa iliyochubuka, nyote wazima, wote mna akili zenu. Andikeni: majina, namba za magari, tarehe, kiasi, kwamba hakuna aliyeumia, sahihi zenu na ya shahidi. Kama kuna aliyeumia, hata anayesema "niko sawa", usimalizane. Atakayelala hoi usiku anayo haki ya kudai, na wewe utaonekana uliyeficha ajali.

Polisi

Trafiki akifika atapima kwa futi kamba na kuchora ramani ya ajali. Simama naye, mwonyeshe alama za breki na vioo, na umwombe apime kutoka kitu kisichohama kama kalavati au nguzo. Kama magari yanaziba njia na yeye ameagiza yasogezwe, mwombe kwanza ayawekee alama za magurudumu kwa chaki au rangi.

Maelezo yako kituoni sema uliyoyaona. Hujui mwendo wako kamili, sema hujui. Usibuni "kama 40 hivi". Soma yote kabla ya kusaini, na kila ukurasa. Ukiwekwa ndani, dhamana ni haki yako kwa masharti ya kisheria na haiuzwi.

Gari la kuvuta mkubaliane bei kabla ndoano haijafungwa, na iandikwe mpaka kituo gani. Toa vitu vyako vyote, piga picha ya dashibodi ionyeshe kilomita na mafuta. Gari lisitengenezwe wala kuguswa kabla mkaguzi wa magari wa polisi hajalikagua na kutoa PF 93, yaani taarifa ya ukaguzi wa gari, na kabla mkadiriaji wa bima hajaliona. Kubadilisha breki au tairi kabla ya ukaguzi kunaonekana kama kuficha chanzo.

Bima

Toa taarifa siku hiyo hiyo, hata kwa simu, kisha kwa maandishi. Muda wa mwisho umeandikwa kwenye mkataba wako. Kwa kawaida kampuni itataka fomu ya madai, kadi ya gari, leseni ya dereva, ramani ya ajali, PF 93, PF 90 ambayo ni taarifa ya mwisho ya polisi, na makadirio ya matengenezo. PF 90 ndiyo huchelewa. Fuatilia kila wiki kwa mpelelezi aliyepewa jalada, ukiwa na namba ya jalada mkononi.

Bima ndogo hailipi gari lako. Inawalipa wale uliowaumiza au kuwaharibia mali, kwa kiwango cha mkataba. Bima kubwa inalipa na lako, ukitoa kile kiasi cha kwanza unachokibeba mwenyewe. Tazama pia thamani uliyoandikisha. Gari la milioni 15 likikatiwa bima ya milioni 10, na mkataba una kipengele cha kugawana hasara, matengenezo ya milioni 3 yanalipwa milioni 2 tu.

Madai hukataliwa kwa sababu zile zile kila mwaka: leseni iliyokwisha, leseni ya daraja D, ambayo si ya magari ya abiria, kwa mtu anayeendesha Coaster ya abiria, pombe, gari binafsi lililokuwa likibeba abiria wa kulipa, na gari lililonunuliwa mkono kwa mkono ambalo kadi na bima bado vina jina la mwenye gari wa zamani. Hilo la mwisho rekebisha leo, kabla hujasoma aya inayofuata.

Ukipewa hati ya kumaliza madai, isome. Ukishaisaini umekubali kwamba hudai tena kitu. Kiasi kikikukera, kikatae kwa barua, na mgogoro ukikwama peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kama wewe ndiye uliyeumizwa

Abiria na mpita njia wengi hawajui kwamba bima ya lazima ya gari lililowagonga ipo kwa ajili yao. Abiria wa basi tunza tiketi, au piga picha yake. Ndiyo inayothibitisha ulikuwemo. Kusanya PF3 iliyojazwa na daktari, kadi ya kutoka hospitali, risiti zote za dawa na nauli za kliniki, na uthibitisho wa kipato ulichokosa. Omba polisi na mahakamani nakala ya hati ya mashtaka na ya hukumu ya kesi ya trafiki, kwani kampuni huzitaka kabla ya kulipa. Ndiyo maana kesi ikianza, uende kutoa ushahidi. Ukikosekana, kesi ikifutwa, madai yako nayo yanayumba.

Kama kuna aliyefariki, familia inahitaji cheti cha kifo, taarifa ya uchunguzi wa mwili, na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Barua hiyo huchukua muda, kwa hiyo kikao cha familia kimteue msimamizi mapema, mara tu msiba unapotulia.

Uliyeumia ukiwa kazini, ukiwemo dereva na utingo wake, mwajiri anapaswa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Asipofanya hivyo, nenda mwenyewe ofisi za Mfuko.

Kesi ya madai ya uzembe Tanzania ina ukomo wa miaka 3 kuanzia siku ya tukio, na Kenya pia ni miaka 3. Mazungumzo na kampuni ya bima, hata yakiwa mazuri na barua zikijibiwa kila wiki, hayasimamishi saa hiyo. Mwaka wa pili ukiisha kabla hujalipwa, faili lote liwe mezani kwa wakili.